Mavyaa ameacha vidonge vya presha, sasa analamba asali ya milimani

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mke wa mtu, nakaa Kisauni na mume wangu, watoto wetu na mavyaa. Mavyaa amenilea kama bintiye tangu nilipoolewa, hajawahi kunikosea, na ndiyo sababu jambo hili limenikaa rohoni na sijui nilishike wapi.

Mavyaa ana presha ya miaka mingi. Alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku na kliniki haikosi. Shemeji yangu mdogo anafanya kazi Doha, na chumba anachoishi amechangia na vijana wa Nepal. Alipokuja likizo alileta chupa za asali nzito, rangi yake inaelekea wekundu, pamoja na mfuko wa majani makavu. Anasema asali hiyo huvunwa na watu wanaoning'inia kwa kamba kwenye majabali, na nyuki wake hufyonza maua ya kichaka kinachoota juu milimani karibu na theluji. Kwa wenyewe huko, asema, ni dawa ya presha, ya tumbo na ya nguvu za kiume. Alimwonyesha mamake kwenye simu kwamba hata wanasayansi wanakichunguza kichaka hicho.

Mavyaa akaanza kulamba kijiko cha chai kila alfajiri baada ya swala. Shangazi, sitasema uongo, presha ilishuka. Tuna mashine ya kupimia hapa nyumbani na nimeona kwa macho yangu. Basi akaacha vidonge. Anasema asali imetajwa kwenye Qur'ani kuwa ni shifaa, lakini vidonge havikutajwa popote.

Ijumaa iliyopita shemeji akamwambia aongeze. Akalamba vijiko viwili vikubwa kabla ya staftahi. Haukupita muda akaanza kusema midomo inamfa ganzi. Mate yakamjaa kinywani, jasho jembamba likamtoka, akatapika. Alipoinuka kwenda msalani macho yakaingia kiza, akaanguka mlangoni. Nilimpima: 84 kwa 50, na mapigo ya moyo 42. Nikataka kuita tuktuk tumpeleke hospitali. Shemeji akakataa, akasema dawa inatoa uchafu mwilini. Mavyaa alilala hadi alasiri, akaamka mzima, akaitisha chai na mahamri. Tangu siku hiyo imani yake imezidi badala ya kupungua.

Sasa shemeji anataka kuagiza nyingi awauzie wazee wa barazani, na yale majani anataka tuyachemshe kama chai. Mume wangu ananiambia nisijitie baina ya mama na mwanawe. Nikisema neno nitaonekana namwonea choyo shemeji. Nambie, kichaka hiki ni dawa au ni sumu? Na mimi nifanye nini?

Mke wa mwana, Kisauni

SHANGAZI AJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Nitakujibu swali lako lote, lakini kwanza la haraka, kwa sababu barua yako imenitia hofu.

Mavyaa asilambe tena asali hiyo, hata ncha ya kijiko. Chupa usiitupe. Ifunge, iweke mahali ambapo watoto hawafiki, maana daktari atataka kuiona. Kesho mpelekeni kliniki yake au Hospitali Kuu ya Makadara, na umwambie daktari mambo matatu bila kuficha: ameacha vidonge, amekuwa akilamba asali ya Nepal, na Ijumaa alianguka mapigo yakiwa 42. Atapimwa umeme wa moyo. Vidonge vyake asivirudie kwa kubahatisha, wala asifidie siku alizoruka kwa kumeza vingi pamoja. Daktari ndiye atakayesema aanzie wapi. Na kabla hamjafika huko, akipata tena kizunguzungu, mapigo yakiwa chini ya 50, au akizirai, msingoje alale apate nafuu. Mlazeni, inueni miguu yake, mpigieni 999 au 112, au mtafute gari lolote lililo karibu. Shemeji akikataa, mpelekeni hivyo hivyo.

Sasa tukae tuzungumze.

Ninaamini najua alichokula mavyaa. Asali nyekundu ya Nepal inayovunwa kwa kamba majabalini, inayofisha ganzi midomo na kushusha mapigo ya moyo, imeandikwa sana na madaktari. Kichaka chenyewe kinaitwa rododendroni. Si aina moja. Zipo aina zipatazo elfu, nyingi zikiwa Asia, na katika Himalaya nyingine huota juu ya meta 4,000, mahali ambapo miti mikubwa imeshindwa. Kwetu Afrika hakuna hata aina moja iliyoota yenyewe porini. Moja ya aina hizo, yenye maua mekundu, ndiyo ua la taifa la Nepal, na ikichanua milima inageuka rangi. Ni mmea mzuri mno, na sitaki uuchukie. Lakini aina kadhaa zina sumu inayoitwa grayanotoksini, ndani ya majani, maua, chavua na maji matamu ya ua. Mbuzi na kondoo wakitafuna majani yake huugua, wengine hufa. Nyuki huibeba sumu hiyo pamoja na utamu wa ua na kuifikisha kwenye asali.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, jeshi la Wagiriki lililokuwa likirudi kwao lilipita karibu na Trabzon, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi ambayo leo ni Uturuki. Askari wakakuta mizinga, wakala asali. Xenophon, aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, aliandika kwamba walitapika, wakaharisha, na hakuna aliyeweza kusimama wima. Walioonja kidogo walikuwa kama walevi, waliokula nyingi kama wendawazimu, na baadhi yao kama watu wanaokata roho. Hakufa mtu. Kesho yake akili zikaanza kuwarudia, na siku ya tatu au ya nne wakainuka. Soma tena barua yako uone kama hukuniandikia kisa hicho hicho. Mavyaa kuamka alasiri akitaka mahamri hakuonyeshi kwamba uchafu ulitoka. Ndiyo tabia ya sumu hii: huanza ndani ya dakika chache hadi saa kama tatu baada ya kula, na kwa wengi huisha ndani ya siku moja, kwa sababu mwili huiondoa. Waliokufa ni wachache sana. Ila wapo waliofikishwa hospitali moyo ukikaribia kusimama, wakatundikiwa dripu ya maji ya chumvi na kudungwa atropini ili mapigo yarudi, na wengine wakahitaji kifaa cha kuuamsha moyo kwa muda. Baadhi ya hao walikuwa watu wazima wenye nguvu zao. Mavyaa ni mama wa makamo mwenye presha. Kuanguka kwenye sakafu ya msalani peke yake kungeweza kumvunja nyonga.

Nataka ufahamu sumu hii inafanyaje kazi, maana hapo ndipo penye jibu la kumweleza mavyaa. Chembe za neva na za moyo zina vijilango vya kupitishia sodiamu. Kijilango hufunguka, sodiamu ikaingia, ujumbe ukapita, kisha kikafungwa ili chembe ijitayarishe upya. Grayanotoksini hukishika kijilango kisifungike. Neva ikawa inapiga kelele bila kupumzika, na miongoni mwa neva hizo kuna ule mshipa mkubwa wa vagasi unaoushusha moyo kasi. Moyo unazidi kuambiwa punguza, punguza, punguza. Mapigo yanashuka, mishipa ya damu inalegea, presha inaporomoka. Mate, jasho, kutapika na ganzi ya midomo vyote chanzo chake ni kimoja.

Kwa hiyo mashine yenu haikudanganya, mwanangu. Presha ilishuka kweli. Lakini kile alichokishangilia mavyaa kila alfajiri kilikuwa sumu inayoanza kushika. Kijiko cha chai kiliishusha kidogo akafurahi, vijiko viwili vikubwa vikaishusha akaanguka. Ni kazi ile ile, tofauti ni kipimo tu, na kipimo cha chupa ile hakijulikani na mtu yeyote. Hakijui shemeji, hawakijui vijana wa Nepal, hata aliyeivuna hakijui. Asali ya msimu wa maua ina nguvu kuliko ya msimu mwingine. Mzinga wa jabali hili si sawa na wa jabali lile. Hata juu na chini ya chupa moja huenda pasilingane. Wapo walioletwa hospitali kwa kijiko kimoja cha mezani.

Kuna hatari nyingine ambayo naona hamjaiwaza. Asali ikishatoka mwilini, presha inarudi ilikokuwa, na vidonge hakuna. Mlikuwa mkimpima lini? Naamini ni asubuhi, asali ikiwa ingali kazini. Usiku hakuna aliyempima. Mtu wa namna hii anaweza kuwa chini mno asubuhi na juu mno usiku, na hiyo ya juu ndiyo inayoleta kiharusi. Tena hukunitajia jina la vidonge vyake. Zipo dawa za presha, kama atenololi, ambazo nazo hupunguza mapigo ya moyo. Mtu akilamba asali hii juu ya dawa hizo, amejipunguza mara mbili. Mwambie daktari jina, au beba pakiti yenyewe.

Sasa, je, wanasayansi wanakichunguza kichaka hiki? Wanakichunguza, na hapo shemeji yako hakudanganya. Uchina wametumia kwa karne nyingi maua ya aina moja yenye rangi ya manjano kutuliza maumivu, na katika maabara sumu zake zimewapunguzia panya maumivu. Aina nyingine ya kaskazini mwa Asia imetoa tindikali ambayo imezuia virusi vya Ukimwi visizaliane ndani ya chembe zilizokuzwa kwenye vyombo vya maabara. Watu wa Himalaya huyafukiza majani ya aina fulani kama sisi tunavyofukiza udi, na maua mekundu ya ule mti wa taifa hutengenezewa kinywaji. Naliheshimu sana jambo hili. Mimi si katika wale wanaosema dawa ya mmea ni ujinga. Ila pima umbali uliopo: panya si mgonjwa wa hospitalini, chembe kwenye chombo cha maabara haina moyo unaoweza kusimama, na mtafiti hutenga kitu kimoja kutoka kwenye mmea, akakipima kwa miligramu, akajua kinapoanza kudhuru. Kati ya hapo na kijiko cha mavyaa kuna kazi ya miaka mingi ambayo bado haijafanywa.

Na kwetu mfano upo, hatuna haja ya kwenda Himalaya. Huku bara yetu, Wagiriama na Wakamba walikuwa wakipaka mishale sumu iliyochemshwa kutoka kwenye mti wa jamii ya Acokanthera, kichaka chenye maua madogo meupe yanayonukia vizuri ajabu, na ambacho aina yake moja huota sana nyanda za juu. Sumu hiyo ni ya moyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga ikaitwa ouabaini, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa sindano kuwatibu wagonjwa wa moyo. Mshale ule ule! Lakini hakuna daktari aliyemwambia mgonjwa alambe mshale. Waliitoa, wakaisafisha, wakaipima, wakakaa kando ya kitanda kuangalia mapigo. Vivyo hivyo kuna ua la Ulaya ambalo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, na hadi leo dawa ya digoksini inayotokana na mimea ya jamii hiyo inatolewa hospitalini. Kipimo chake kinachotibu kimekaribiana mno na kinachoua, ndiyo maana wanaoitumia hufuatiliwa kwa makini.

Umeniuliza ni dawa au ni sumu. Kwa leo, ndani ya chupa ya shemeji, ni sumu. Pengine siku moja itatoka dawa humo, nami nitafurahi ikitoka, lakini itatoka ikiwa na kipimo.

Tuje kwa watu sasa, maana najua hapo ndipo panapokukaba.

Usianze na mavyaa, wala usianze na shemeji. Anza na mumeo, mkiwa peke yenu. Amekuambia usijitie baina ya mama na mwanawe, na kwa desturi yetu ana sehemu ya haki, ila yeye pia ni mwana, na mama yake alipoanguka, pengine yeye alikuwa kazini au hakuona. Mwandikie kwenye karatasi zile namba: 84 kwa 50, mapigo 42. Mwambie, "Mama alikaribia kututoka Ijumaa, nami nilikuwepo. Sitaki iwe siku nyingine useme sikukuambia." Kisha mwachie yeye ndiye azungumze na mamake. Mwanamke aliyekaa na mavyaa kwa wema kama wewe hana haja ya kushindana naye kwa hoja, na neno la mtoto aliyemzaa litampita moyoni kuliko langu na lako.

Habari ya Qur'ani, msibishane nayo, na wala hakuna cha kubishania. Imo katika Surat An-Nahl kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu, na hakuna anayeikana. Mwambieni mavyaa kwamba aya haijavunjwa na hospitali. Asali ni neema, lakini ua alilotua nyuki huyu lina sumu, na hakuna aliyemwamrisha mtu ale anachojua kinamwangusha. Kama kuna imamu au ustadhi anayemheshimu, mumeo amwendee amweleze kisa kizima, kwa ushahidi wa mapigo ya moyo, kisha amwombe amzungumzie mama. Nimeona mara nyingi neno la mtu wa dini likimrudisha mzee kwenye vidonge pale daktari aliposhindwa. Na kama hana sukari, asali ya Kitui au ya Baringo ipo madukani, alambe kidogo baada ya swala kwa baraka, pamoja na vidonge vyake. Huko rododendroni haioti porini, basi sumu hii haitazamiwi kuwamo. Si lazima anyang'anywe asali moja kwa moja.

Shemeji usimwite mwongo. Kijana ametoka Doha, amebana mshahara wake, akamletea mamake kitu alichoambiwa ni bora kuliko vyote. Hayo ni mapenzi. Wenzake wa Nepal nao hawakumdanganya, kwao huliwa kweli. Lakini hata huko kwao, na huko Uturuki, watu hawakomi kupelekwa hospitali kwa asali hii, na wengi wao ni wanaume wa makamo, baadhi yao wakiwa wameitafuta kwa sababu ya zile nguvu za kiume. Hao ndio wazee wa barazani anaotaka kuwauzia. Wangapi kati yao wana presha na hawajui? Wangapi wanameza dawa za moyo na hawamwambii mtu? Mzee mmoja akianguka baada ya kahawa ya jioni, mkewe atauliza alikula nini, na jina litakalotajwa ni la shemeji. Mumeo na amwambie hivyo, kwa upole, kaka kwa mdogo wake. Aongeze kwamba bidhaa inayouzwa hapa Kenya kwa madai ya kutibu ugonjwa inaihusu Bodi ya Famasia na Sumu, na kijana mwenye kazi nje hapendi kesi nyumbani. Hapo mimi sina upole. Kumpa mamako kwa kutojua ni jambo moja, kumuuzia mtu baada ya kuambiwa ni jambo jingine kabisa.

Na kama anataka kufanya jambo la maana kwa kichaka hicho, KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wana kituo cha utafiti wa tiba asilia. Awaulize. Huenda wasihitaji asali yake, lakini atajua njia inayopita mmea kabla ya kuitwa dawa.

Limebaki lile la majani. Msiyachemshe. Ni kweli zipo aina ambazo watu wa milimani hunywa chai ya majani yake, lakini majani makavu yaliyosagika ndani ya mfuko hayatakuonyesha ni ya aina ipi kati ya hizo elfu, na zile zenye sumu huwa nayo majanini pia. Kuchemsha si kinga, chai yenyewe ndiyo itakayobeba sumu. Yatie kwenye mfuko mmoja na chupa zote, uende navyo kwa daktari kesho, na ukirudi niandikie unieleze kipimo cha moyo cha mavyaa kimesomaje.